Kona za Soni na mkondo wa Pemba: iweje anayetapika mlimani awe mzima baharini?

#1 Pweza Mkavu
Wakuu, salaam. Nina swali lililogawa nyumba yangu toka likizo ya Desemba na mpaka leo halijapata mwamuzi.

Tuliondoka Dar alfajiri kwa Noah: mimi kwenye usukani, mama watoto, binti wa miaka tisa, mdogo wake ambaye hajafikisha miwili, na bimkubwa wangu. Ratiba ilikuwa Chalinze, Segera, Mombo, kupanda Lushoto na kuzunguka Irente na Magamba, kisha kushuka Tanga, gari tuliache kwa shemeji, tuvuke na meli kwenda Pemba.

Mpaka Mombo gari zima linaimba. Tumeanza kupanda tu, hatujafika hata Soni, binti akarudisha chai yote. Hazikupita kona nyingi mama watoto naye akaomba nisimame. Maporomoko ya Soni wameyaangalia wakiwa wamejiinamia. Bimkubwa kalala, mdogo anacheka peke yake. Mimi dereva hata kizunguzungu sikusikia.

Njoo sasa baharini. Meli imetoka Tanga, nchi kavu imebaki nyuma, mkondo wa Pemba ukaanza kutupepeta kama mchele kwenye ungo. Wa kwanza kukimbilia ukingo ni mimi. Mama watoto, huyo huyo wa Soni, anatafuna korosho na kunipa pole ya kejeli. Binti anakimbizana na watoto wa watu.

Kuyumba si kuyumba tu? Iweje mmoja aangushwe na mlima na mwingine na bahari? Mama watoto anasema mimi ni muoga wa maji. Shemeji wa Tanga anasema bahari ina wenyewe. Leteni hoja.

#2 Kibwengo
Hoja ziko njiani. Tuanze na picha ya ukingoni.

#3 Daktari Uchwara
Jina ni la utani, ila hili nimelisoma. Ndani ya sikio kuna vijifereji vyenye majimaji, ndivyo vinavyouambia ubongo kwamba mwili unageuka au unainuka. Macho nayo yana taarifa yake. Abiria wa kiti cha nyuma anatazama mgongo wa kiti cha mbele au simu: macho yanasema tumetulia, sikio linasema tunazungushwa. Ubongo ukipata taarifa mbili zinazogombana, tumbo ndilo linalolipa.

Dereva anaiona kona kabla hajaifikia, na mikono yake ndiyo inayoikata, kwa hiyo mwili umeshajiandaa. Kwenye meli Pweza hukuwa na usukani. Ulikuwa abiria kama abiria wengine.

Huyo mdogo asiye na miaka miwili ni kawaida, watoto wa umri huo huwa hawasumbuki. Wanaoteseka zaidi ni kuanzia kama miaka sita mpaka kumi na miwili. Na mtu akizeeka tatizo hupungua, ndiyo maana bimkubwa alijilalia.

#4 Fundi wa Buguruni
Maelezo mazuri, ila hakuna aliyeuliza gari lina hali gani. Noah zinazoletwa gereji nyingi zimekwisha shokapu za nyuma, na bomba la moshi limetoboka chini ya viti. Ukipanda mlima kwa gia ndogo injini inanguruma, mwendo hakuna, moshi haubaki nyuma, unaingia ndani. Anayekaa nyuma ndiye anayeuvuta. Dereva kafungua kioo chake anakula upepo.

Na kwenye meli uliza alikaa upande gani wa bomba. Moshi wa dizeli ukisukumwa na upepo kuja kwako, hata baharia anainama. Hapo sikio mnalionea bure.

#5 Mama Tatu
Wanaume mnazunguka mbali. Walikula nini? Mtu anakunywa chai ya maziwa na chapati za mafuta, anaongeza machungwa ya Muheza, halafu anapelekwa kwenye kona. Tumbo la nani litakubali? Na dereva alipofika Tanga lazima alijipongeza kwa sahani ya pweza wa nazi kabla ya kupanda meli. Jina lake tu linamsema.

#6 Kijana wa Mlalo
Mama Tatu, kwa njia waliyopita machungwa ya Muheza hawakuyafikia. Ukitoka Chalinze ukafika Segera, kwenda Mombo unapitia Korogwe. Muheza iko upande wa pili, njia ya Tanga. Machungwa ya Muheza labda waliyala wakati wa kushuka.

Kuhusu kona, mimi ni mtoto wa huko. Tunapanda Coaster kutoka Mombo tukiwa wadogo, tumesimama, kuku miguuni, na hatutapiki. Ni mazoea. Watu wa Dar wamezoea barabara iliyonyooka na foleni, gari halisogei, watajuaje kona?

#7 Binti Vuga
Kijana wa Mlalo acha kutupamba. Mimi nimezaliwa Vuga na nimetapika kila nikirudi shule mpaka kidato cha nne. Makonda wenyewe walikuwa wanatembea na mifuko ya rambo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 ndiyo tabu kabisa, mtu anafungua dirisha na wa nyuma yake ndiye anayejua habari.

#8 Kibwengo
@Binti Vuga nilikuwa nakula.

#9 Ngamia Mweupe
Jibu ni rahisi kuliko mnavyodhani: mwinuko. Mombo iko chini kabisa, joto kama la Tanga. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na umbali wa kupanda ni kilomita thelathini na kitu tu. Masikio yanaziba, hewa inapungua, mwili unashtuka. Dereva alikuwa ana mawazo mengine, hakuuona mshtuko.

#10 Daktari Uchwara
Ngamia, Arusha nayo iko kama mita 1,400. Umeona nani anashuka basi la Arusha anatapika kwa sababu ya mwinuko? Njombe iko juu zaidi ya hapo, na watu wanashuka wakiulizia viazi. Masikio kuziba ni kweli, lakini kuziba hakutapishi.

#11 Ngamia Mweupe
Arusha unapanda taratibu kuanzia Same. Lushoto unapandishwa ghafla. Tofauti ndiyo hiyo.

Halafu kuna jambo hamlitaji: umeme wa gari. Gari likitembea linajikusanyia umeme, ndiyo maana ukishika mlango saa nyingine unakupiga. Funga ule mkanda wa mpira unaoburuza chini kwa nyuma, umeme ushuke ardhini. Mzee wangu alikuwa na Peugeot 504, alifunga, hatukutapika tena.

#12 Fundi wa Buguruni
Mikanda hiyo nauza. Wateja wanarudi kununua mingine na bado wanaomba niwaoshee viti. Ila usiniharibie biashara.

#13 Reli ya Zamani
Kama Wajerumani wangetuachia reli yao mpaka Lushoto msingekuwa na uzi huu. Walikuwa na treni inapanda mpaka Wilhelmstal, kama walivyouita mji wa Lushoto, halafu Waingereza wakaing'oa.

#14 Kijana wa Mlalo
Hapana mkuu. Treni haijawahi kupanda Lushoto. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905, na kutoka hapo ikaambaa chini ya milima kuelekea Moshi. Kupanda juu ilikuwa barabara, hiyo hiyo yenye kona.

Reli iliyopanda milimani ilikuwa upande wa Usambara Mashariki, kijireli chembamba kutoka Tengeni kwenda Sigi, karibu na Amani ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Labda hiyo ndiyo uliyoisikia. Na kabla ya vita ya kwanza kulikuwa na waya wa kuteremshia mbao kutoka Shume mpaka kituo cha Mkumbara, magogo yananing'inia juu ya genge. Wazee wa kwetu bado wanausimulia.

#15 Reli ya Zamani
Nimepokea. Huo waya wa mbao ungebaki leo tungepanda nao watalii.

#16 Kibwengo
Na wangetapikia Mkumbara kutoka angani.

#17 Nahodha wa Wete
Assalaam alaykum. Nimesoma yote, na nyie watu wa bara mwazungumza habari za bahari kama vile mwazungumza bwawa. Pweza kasema kavuka Desemba. Desemba ni kaskazi. Mkondo wa maji pwani yetu huenda upande wa kaskazini, na upepo wa kaskazi huja kinyume chake. Upepo na mkondo vikigombana bahari huinuka mawimbi mafupi mafupi ya karibu karibu, chombo hakipumziki. Hilo ndilo humtapisha mtu. Ungevuka wakati wa maleleji, upepo unapogeuka, ungefika Pemba unasinzia.

Tena mkondo wa Pemba, yaani huo mlango wa bahari baina ya kisiwa na bara, si kama ule wa baina ya Dar na Unguja. Huu wetu kina chake chapita mita 800. Hapo chini pana ulimwengu mwengine.

#18 Bi Konde
Nahodha, mie Mpemba mwenzio lakini hapo sikubaliani na wewe. Kaskazi ina afadhali. Tabu ni kusi, ile ya Juni mpaka Agosti. Huinuliwa juu, ukaachiwa, ukainuliwa tena, mpaka mtu huomba dua zote anazozijua. Nimevuka mara nyingi na wajukuu, najua nisemalo. Hayo mawimbi mafupi hukutikisa tu, hayakuzungushi tumbo.

#19 Nahodha wa Wete
Bi Konde, shikamoo. Kusi wimbi ni kubwa lakini refu, chombo hupanda nalo na kushuka nalo kwa utaratibu. Mwenye kutapika kwa kusi ni mwenye kukaa ndani.

#20 Bi Konde
Marahaba. Mie hukaa nje na hutapika vile vile. Sasa?

#21 Mwalimu Jiografia
Naongeza kidogo kwa Nahodha. Unguja imekaa juu ya ukingo wa bara, maji ya katikati ni ya kina kidogo. Zama za barafu, bahari iliposhuka, Unguja iliungana na bara. Pemba ilibaki kisiwa muda wote huo. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake na Pemba haina, na Pemba ina popo wake mkubwa asiyepatikana kwingine duniani. Upande wa Tanga kina kinaongezeka haraka, na humo wavuvi wamekuwa wakimnasa silakanti, samaki aliyedhaniwa ameshatoweka duniani mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kuna hifadhi ya bahari Tanga iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili yake.

Ila kina kirefu peke yake hakileti mawimbi. Mawimbi ni kazi ya upepo na umbali uliovuma bila kizuizi.

#22 Kibwengo
Kumbe Pweza alikuwa anamlisha silakanti.

#23 Pweza Mkavu
Nimerudi, nilikuwa kazini. Majibu ya maswali yenu.

Fundi: bomba lilikaguliwa kabla ya safari, na kwenye meli nilikaa ndani, chini, mbali na moshi, pamoja na bimkubwa na mabegi. Mama watoto alikaa nje juu. Daktari Uchwara usifurahi mapema, kwa sababu binti naye muda mwingi alikuwa ndani humo humo anacheza, hakuona upeo wa bahari wala nini, na hakutapika. Bimkubwa kalala safari zote mbili.

Mama Tatu: nilikula wali na samaki. Pweza sikugusa, siwezi kula ukoo.

Wakati wa kurudi kutoka Pemba nilikaa nje, nikatazama mbali kama watu wanavyoshauri. Nilitapika tena, ila kidogo. Mama watoto safari hiyo alikaa ndani, hakutapika.

#24 Mjukuu wa Kimweri
Basi mimi nina hoja ambayo haijatajwa. Mmesema mlizunguka Irente na Magamba kabla ya kushuka. Abiria wako walikuwa shuleni! Siku zote hizo wanazungushwa kwenye kona za Lushoto, miili ikazoea kuyumba. Walipofika baharini walikuwa wameshahitimu. Wewe ulikuwa dereva, hukuzungushwa, uliwazungusha wenzako. Ukaingia baharini hujui kitu.

#25 Daktari Uchwara
Hii nimeipenda. Mwili huzoea kweli, mabaharia wengi huumwa siku za mwanzo kisha hutulia. Sina hakika kama mazoea ya gari yanahamia kwenye meli, mwendo ni tofauti. Meli inapanda na kushuka polepole, gari linakurusha kulia na kushoto.

#26 Binti Vuga
Hayahamii. Kaka yangu alikuwa konda wa Coaster njia ya Mombo kwa miaka, kona zote anazijua kwa jina. Alipanda boti ya Dar kwenda Unguja, wala si Pemba, hakuona Unguja ilipotokea. Alikuwa amelala sakafuni.

#27 Mjukuu wa Kimweri
Konda husimama mlangoni anaangalia nje. Huyo ni nusu dereva, hajazungushwa. Kaka yako anathibitisha hoja yangu.

#28 Kibwengo
Uzi huu kila anayepingwa anasema amethibitishwa.

#29 Mwana Voi
Habari zenu kutoka Kenya. Yetu ilikuwa safari kama hiyo, milima kwanza kisiwa baadaye. Tulitoka Nairobi, tukalala Voi kwa nyanya ya watoto, tukapanda Wundanyi kupitia Mwatate. Hizo kona za Taita mkizijua hamtaisifu Soni. Kijana wetu alitapika kupanda. Kushuka, barabara ile ile, kona zile zile, hakutapika. Kiti kile kile cha nyuma. Mwinuko ni ule ule na moshi ni ule ule, hapo hoja ya Fundi na ya Ngamia zinaanguka zote mbili, au nimekosea wapi?

Baadaye tulienda Mombasa, Malindi, mpaka Mokowe. Gari hubaki hapo, mnaingia boti kwenda Lamu. Hakuna aliyeumwa, lakini hapo maji yamekingwa na mikoko na safari ni fupi, kwa hivyo siwezi kuihesabu.

#30 Fundi wa Buguruni
Haijaanguka. Kushuka injini haina kazi, haitoi moshi mwingi. Hapo umenisaidia.

#31 Ngamia Mweupe
Na mimi. Kushuka hewa inaongezeka.

#32 Mama Tatu
Na mimi pia. Kushuka tumbo lilikuwa tupu, kila kitu kilibaki Wundanyi.

#33 Mwana Voi
Nyinyi watu jamani.

#34 Mfamasia wa Mtaa
Wakati mnabishana, wanaosafiri na watoto wazingatie haya. Dawa za kuzuia kutapika safarini zipo, mfano sinarizini na promethazini, lakini zinywewe kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika umechelewa, na kidonge chenyewe kitatoka. Promethazini asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili. Zinaleta usingizi, dereva asiguse. Kipimo cha mtoto ulizia dukani, si kugawa kidonge cha mtu mzima kwa meno.

Bila dawa: chakula chepesi, si tumbo tupu wala lililojaa. Mtoto akae pale anapoona mbele, simu ipumzike, kioo kifunguliwe kidogo.

#35 Bi Konde
Tangawizi umeisahau. Na karafuu. Mie huweka punje moja chini ya ulimi tokea bandarini. Kunusa ndimu pia kunafaa, lakini ndimu huisha harufu, karafuu haiishi.

#36 Kibwengo
Bi Konde, si umesema unatapika vile vile?

#37 Bi Konde
Bila karafuu ningetapika zaidi. Mwanangu, usinichokoe.

#38 Nahodha wa Wete
Karafuu punje mbili tatu za mdomoni sawa. Msije mkasikia dawa mkajaza begi mkaenda nalo Tanga. Karafuu za Pemba huuzwa kwa shirika la serikali, na wanaozivusha kwa magendo hukamatwa kila msimu. Hutaweza kumwambia askari unaumwa na bahari.

#39 Shemeji wa Chumbageni
Mimi ndiye niliyeachiwa Noah. Nilichosema ni hiki: wazee wa pwani walikuwa hawaingii baharini mikono mitupu, walikuwa wanaaga. Huyu shemeji yangu ameingia anapiga picha na kujisifu alivyokata kona. Sikusema mashetani, hayo ni yake.

#40 Daktari Uchwara
Kwa hiyo mama watoto aliaga?

#41 Shemeji wa Chumbageni
Mama watoto ni dada yangu. Bahari inamjua tangu anakatwa kitovu.

#42 Mjukuu wa Kimweri
Hapa sasa tumefika kwenye damu. Dada wa Tanga aliyekulia ufukweni, na mume wa kutoka...? Pweza, kwenu wapi?

#43 Pweza Mkavu
Dodoma. Msianze.

#44 Kibwengo
Uzi ungeishia namba 1 kama ungesema mapema.

#45 Mwalimu Jiografia
Tuwe makini. Binti wa miaka tisa amekulia Dar. Na mama watoto wa pwani kama ni damu basi mbona Soni alianguka?

#46 Shemeji wa Chumbageni
Kwa sababu ni wa pwani. Mlima haumjui.

#47 Mzee wa Forodhani
Vijana, utani ni mzuri, lakini naomba niseme moja. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilitoka Unguja kwenda Pemba usiku, imepakia kupita kiasi, ikazama eneo la Nungwi. Visiwa vyote vilikuwa msibani. Ukisafiri na watoto na mzee, ukishaingia tazama kwanza majaketi ya kuokolea yako wapi na mlango wa kutokea uko wapi. Ukiona watu wamezidi, shuka, usubiri meli nyingine. Mengine baadaye.

#48 Pweza Mkavu
Ahsante mzee. Bimkubwa ndiye aliyetuonyesha majaketi kabla hajalala.

#49 Glasgow Kwetu
Niko Scotland, na huku familia nyingi likizo yao ni hiyo hiyo, milima kisha visiwa. Sisi tulipita njia ya Bealach na Bà kwenda Applecross, inapanda mpaka mita 626, nyembamba, magari mawili hayapishani mpaka mmoja asubiri pembeni kwenye nafasi iliyotengwa. Watoto wakatapika. Kisha tukaingia kisiwa cha Skye kwa daraja, lipo tangu 1995, hakuna aliyetapika, hakuna wimbi. Kwa hiyo dawa ya Pemba ni daraja.

#50 Nahodha wa Wete
Mita 800 za maji, utasimamisha nguzo gani?

#51 Fundi wa Buguruni
Kabla hamjajenga daraja, kuna jambo la maana kwa wanaopanda Lushoto na hakuna aliyeuliza: kushuka. Nimeshapokea magari yaliyoshuka Soni breki zinanuka, diski zimepinda. Mtu anashuka kakanyaga breki kutoka Lushoto mpaka Mombo. Kwa gari la manyuo, shuka na gia ambayo ungepandia. Kwa auto, toa kwenye D, weka 2 au L, au zima O/D, injini ikushikilie, breki iwe ya kugusa na kuachia. Ukisikia harufu, tafuta pa kusimama, subiri zipoe, usimwagie maji.

#52 Ngamia Mweupe
Mimi nashuka frii kuokoa mafuta. Miaka yote.

#53 Fundi wa Buguruni
Ngamia, nipe namba ya gari lako nisipande siku hiyo. Ukiweka frii umebaki na breki peke yake. Na hayo mafuta huokoi, magari ya sasa ukishuka kwenye gia bila kukanyaga mafuta injini inajikatia yenyewe.

#54 Ngamia Mweupe
Langu si la sasa.

#55 Binti Vuga
Ningeongeza: mkikuta lori la mbao au kabichi linashuka mbele, msilipite kwenye kona hata likienda kwa mguu. Madereva wa huko wanapiga honi kabla ya kila kona, na nyie pigeni. Haitapishi.

#56 Mama wa IST
Samahanini kwa kuingilia. Nimesoma uzi wote nikiwa na hofu. Tunataka kwenda Pasaka, watoto watatu na mume, gari ni IST. Itapanda? Na tunataka kufika Mtae mpaka ukingo ule unaoona tambarare yote ya chini. Pemba tutaangalia kama pesa itabaki.

#57 Kijana wa Mlalo
Dada, Mombo mpaka Lushoto ni lami, IST inapanda bila shida, tena ziko nyingi. Mtae ni habari nyingine. Pasaka inaangukia kwenye masika, na ukishaiacha lami udongo wetu mwekundu unateleza kama umemwagiwa sabuni. IST iko chini, itashika katikati. Lala Lushoto, gari liache hapo, kodi gari la juu la mwenyeji anayejua matope ya siku hiyo, au nenda Irente, ukingo ni ule ule na unaona Mombo na Mazinde chini yako. Beba masweta, wa Dar huwa hamuamini mpaka jioni.

#58 Mama wa IST
Ahsante. Na wa kutapika akae mbele au nyuma?

#59 Daktari Uchwara
Mtoto mkubwa anayeumwa akae kiti cha nyuma katikati, aone barabara mbele, mkanda umefungwa.

#60 Mama Tatu
Akae na njaa kidogo.

#61 Fundi wa Buguruni
Akae popote, ila lileteni bomba nilitazame kwanza.

#62 Bi Konde
Mwanangu, pesa ikibaki njoo Pemba usiiache. Nitakupeleka msitu wa Ngezi uwaone hao popo, na mnara wa taa wa Ras Kigomasha uliosimama tangu 1900. Ila Pasaka hiyo kusi imeshaanza kuingia.

#63 Nahodha wa Wete
Haijaingia, Bi Konde. Pasaka mara nyingi ni maleleji.

#64 Bi Konde
Ya mwaka gani?